Mstari wa Pili

Baba alizaliwa Ngamiani, Tanga. Mama yake alikuwa Mdigo wa Moa, baba yake Mshihiri muuza kahawa. Utotoni nilipomuuliza sisi kabila gani, alijibu, "Sisi watu wa Barabara ya Nane, mwanangu." Sikudhani swali lile lingemfuata mpaka kwenye figo.

Mwaka 2019 alipimwa damu. Kreatinini ni taka inayochujwa na figo. Kiwango chake kikijulikana, pamoja na umri na jinsia, hukadiriwa figo zinafanya kazi kiasi gani. Karatasi yake ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema, kwa asiye Mmarekani mweusi: 26. Wa pili, kwa Mmarekani mweusi: 30. Damu ni ileile. Kanuni iliyotungwa Marekani na kutolewa mwaka 2009 ilizidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.159, kwa sababu Wamarekani weusi waliopimwa walionekana kuwa na kreatinini ya juu zaidi hata figo zikiwa sawa.

Chini ya 30, ugonjwa huhesabiwa umefika hatua ya nne. Daktari alimtazama baba usoni, akaupigia kalamu mstari wa pili. "Tuonane baada ya miezi sita." Mimi nilifurahi. Baba tukiwa nje akauliza, "Kwani mimi Marekani nimekwenda lini?"

Alianza kusafishwa damu mwaka 2021, Dar es Salaam, tukikaa kwa shangazi Temeke. Mwaka huohuo wataalamu wa figo wa Marekani waliiondoa rangi kwenye kanuni. Nilimsomea habari hiyo kwenye simu, mirija ikiwa mkononi mwake. Alitikisa kichwa tu.

Niliendelea kusoma. Nikakuta kwamba huko Marekani weusi walio kwenye mashine huishi muda mrefu kuliko wazungu, kwa wastani. Nikataka kuamini kwamba baba naye yumo. Kisha nikakuta uchunguzi wa mwaka 2011: kwa walio chini ya miaka 50 mambo ni kinyume, weusi ndio hufa zaidi. Rangi haikubadilika, umri tu umebadilika, na jibu limegeuka.

Chumbani kwetu walilala Mpare, Mhindi wa Upanga, Mzigua wa Handeni. Nilichokiona kwa macho ni hiki: aliyekuja mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, aliondoka akitembea mwenyewe. Sisi tulimudu mara mbili. Siku za katikati baba alivimba miguu, akalala ameketi kwa kukosa pumzi. Hapakuwa na kanuni ya kuzidisha mbili ikawa tatu.

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Kila nikiifungua, jicho langu huanza na 30, kwa sababu ndiyo niliyoipenda.