Herufi J Iliporudi

Mtihani wa kwanza niliousimamia Texas ulikuwa wa darasa la tatu. Mtahiniwa alikuwa wa darasa la nane. Mwaka ulikuwa 2005. Kijana ameanza kuota masharubu, miguu haienei chini ya meza, na mbele yake kifungu cha ufahamu cha watoto wa miaka minane. Kilihusu nini siwezi kusema, maana nilitia sahihi kiapo cha usiri na sidhani kiapo kile kina mwisho. Alimaliza mapema. Majibu yalipokuja, yalisema ametimiza matarajio, na nyumbani karatasi ile ilibandikwa kwenye friji.

Nilikuwa msaidizi wa darasa la elimu maalumu, mgeni kutoka Mombasa nilikowahi kufundisha shule ya msingi. Kwetu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa moja. Asiyeona aliweza kupewa karatasi ya nukta nundu, lakini mtoto ambaye macho yake ni mazima na maneno yanamkimbia, huyo tulimwita mzito, akarudia darasa, akarudia tena, mwishowe ukamkuta nyuma ya kaunta ya duka la mjomba wake. Kwa hiyo utaratibu wa Texas niliuona ni rehema tupu.

Mtihani ule uliitwa SDAA. Ulianza 2001, na mimi niliukuta katika toleo lake la pili. Kila mtoto wa elimu maalumu ana kikao chake, kinachoitwa ARD: mzazi, mwalimu wa darasa la kawaida, mwalimu wa elimu maalumu, mpimaji, na mtu wa ofisi ya shule. Kikao hicho ndicho kilichoamua mtoto apimwe kwa kiwango cha darasa gani, na hicho hicho ndicho kilichopanga matarajio atakayohukumiwa kwayo. Mpishi ndiye aliyeonja, na mpishi ndiye aliyetangaza kuwa chumvi imekolea.

Washington haikupendezwa. Sheria ya 1975 ilikuwa imewapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma, lakini ilipofika siku ya mtihani wa jimbo, wengi waliachwa nje ya hesabu hadi marekebisho ya 1997 yalipoagiza nao watahiniwe. Kisha Januari 2002 George W. Bush akatia sahihi sheria ya No Child Left Behind, iliyotaka watoto wote wafaulu kusoma na hesabu kufikia 2014, na matokeo ya wenye ulemavu yaonyeshwe peke yao. Sasa shule nzima iliweza kuhesabiwa imeshindwa kwa sababu ya kundi hilo moja. Hapo ndipo asilimia zilipoingia. Desemba 2003 majimbo yaliruhusiwa kuhesabu mtihani mbadala kwa asilimia 1 ya watahiniwa wote, wale wenye ulemavu mkubwa wa akili. Aprili 2007 ikaongezwa asilimia 2 nyingine, kwa watoto walio katikati: si wenye ulemavu mkubwa hivyo, ila hawakutarajiwa kufikia kiwango cha wenzao ndani ya mwaka. Asilimia 2 inasikika ndogo, lakini ni kama moja ya tano ya watoto wote wenye ulemavu. Sharti lilikuwa moja: wapimwe kwa masomo ya darasa wanalokaa. Kijana wa darasa la nane hakuweza tena kupewa karatasi ya darasa la tatu.

Ndivyo ilivyozaliwa TAKS-M: TAKS ulikuwa mtihani wa jimbo wakati huo, na M ni ya "modified", yaani uliorekebishwa. Herufi zilikuwa kubwa, maswali machache kwa kila ukurasa, lugha imelainishwa, na jibu moja la uongo limefutwa. Texas wakati huo swali moja lilikuwa na majibu A, B, C na D, linalofuata F, G, H na J, ili mtoto asipotee mstari. Kwenye M, D na J hazikuwapo. Aliyebahatisha alitoka kwenye nafasi moja kati ya nne hadi moja kati ya tatu.

Niliupenda mtihani ule. Machozi yalipungua, na hilo si dogo kwa mtu anayekaa na watoto kuanzia kengele ya kwanza hadi basi la jioni.

Lakini mtihani haukai kwenye siku ya mtihani. Kabla hata majani hayajapukutika ungesikia kwenye chumba cha walimu, "Huyu ni wa M." Na kuanzia hapo mazoezi yake ni ya majibu matatu, vifungu vyake vimefupishwa, na swali linalomtaka mtoto afikiri hatua mbili linarukwa kwa sababu kwenye M halitamfika. Miaka hiyo nilianza kuitwa kutafsiri kwenye vikao vya familia za Wakongo waliotoka kambini, kwani sheria inataka mzazi aelewe kinachosemwa. Mama mmoja aliniuliza, "Dada, ku huu mtihani mwepesi mtoto atatoka siku gani?" Nikatafsiri. Jibu lilikuwa kwamba kila mwaka kikao huangalia upya. Ni kweli, huangalia. Ila sikumbuki mtoto hata mmoja niliyemwona akitolewa.

Machi 2011 Arne Duncan, waziri wa elimu wa Marekani, alitangaza kwamba serikali inaachana na ile asilimia 2. Texas ikabadili mtihani wake kuwa STAAR mwaka wa 2012, na M yake ikaendelea hadi masika ya 2014, ikafa. Agosti 2015 kanuni yenyewe ikafutwa. Desemba Obama akatia sahihi sheria mpya, iliyobakisha asilimia 1 peke yake.

Masika ya 2015 tukafungua STAAR A, iliyochukua nafasi ya M, kwenye kompyuta. Msichana wa darasa la sita alifika swali la pili, akaweka kidole kwenye kioo, akanigeukia: "Hii J inatafuta nini hapa?" Miaka yake yote ya mitihani alikuwa hajaiona. Kompyuta ilimsomea swali, na neno gumu akiligusa lilimpa maana yake, lakini alama ya kufaulu ilikuwa ile ile ya watoto wote. Shuleni kwetu mwaka ule ulikuwa mchungu.

Kuufuta M ulikuwa uamuzi sahihi, na bado nasema ulifanywa vibaya. Ungeanzia darasa la tatu, kwa watoto ambao hawajazoeshwa majibu matatu, ukapanda nao mwaka kwa mwaka. Badala yake kwanza ulibadilishwa mtihani, masomo yakafuata baadaye, na walioziba pengo ni watoto waliokuwa katikati ya safari.

Mwaka uliofuata gazeti la Houston Chronicle likafichua jambo lililonifanya niweke kikombe chini. Tangu 2004 wakala wa elimu wa Texas ulikuwa na kipimo kilichozibana wilaya zisizidishe asilimia 8.5 ya watoto katika elimu maalumu, wakati nchi nzima ilikuwa kwenye 13 hivi. Bunge la Texas lilipiga marufuku kikomo hicho 2017, na Januari 2018 serikali kuu ikasema jimbo lilivunja sheria. Miaka yote tuliyobishana kuhusu karatasi ya watoto waliomo chumbani, wengine wengi hawakuwahi kufika mlangoni. Walikuwa madarasa ya kawaida wakifanya mtihani wenye J, bila msaada wowote.

Siku hizi kazi yangu ya kusoma maswali kwa sauti imechukuliwa na mashine, na sina kinyongo. Kanuni iliruhusu nisome swali na majibu, si kifungu chenyewe, tena kwa sauti isiyopanda wala kushuka, nisije nikalidokeza jibu. Kwa mtu aliyefundisha Kiswahili kwa sauti za fisi na sungura, ile ilikuwa adhabu. Na tangu 2023, kwenye STAAR, maswali ya kuchagua hayaruhusiwi kuzidi asilimia 75 ya alama. Mtoto anaandika, anaburuta maneno, anapanga. Kubahatisha hakumfikishi mbali.

Kikao cha karibuni nilichotafsiri kilikuwa cha mama kutoka Uvira. Walimu walimsomea orodha ya misaada ya mtihani: kompyuta isome, kamusi iwepo, muda uongezwe. Nikamwambia pia kwamba msaada unaotolewa siku ya mtihani unatakiwa uwe ule mtoto anaoutumia darasani kila siku. Akafikiri kidogo.

"Sasa hii mashini ya kusoma, darasani anaipata?"

Mwalimu akafungua ratiba yake, akasoma: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, kipindi cha pili.

"Na Jumanne?" akauliza mama, na mwalimu akaanza kuandika.