Bukoba hadi Muleba, mbio za kabla ya jua

Saa 12 asubuhi barabara ya Bukoba kwenda Muleba bado ina giza. Dar es Salaam saa hiyohiyo kumeanza kupambazuka. Kagera iko magharibi ya mbali, na jua huifikia kama nusu saa baada ya Dar, ilhali saa ni moja nchi nzima. Februari hutokea saa 1 ikapita kabla jua halijachomoza juu ya Ziwa Victoria. Kengele ya shule haisubiri.

Kwa hiyo mtu anayeamua kuikimbia njia hii, kilometa 70 hivi, kwa siku mbili tatu mfululizo badala ya kupanda basi, hugundua mapema kwamba hayuko peke yake. Kabla misuli haijapata moto, watoto wenye sare wameshampita, daftari limefichwa ndani ya sweta. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na jani la mgomba ndilo mwavuli wa haraka.

Ndani ya basi, Kyetema na Kemondo ni vituo tu. Kwa miguu ni nchi mbili zinazopokezana. Kwanza kibanja: migomba, mibuni chini yake, kivuli, ubaridi, moshi wa jikoni. Halafu ghafla rweya, uwanda wa nyasi usio na nyumba, upepo na jua usoni. Tofauti hiyo ni kazi ya mikono. Vizazi kwa vizazi Wahaya wamekata nyasi za rweya na kuzitandaza migombani, pamoja na samadi, mpaka udongo wa kuzunguka nyumba ukanona, na ule wa nje ukabaki maskini. Vijiji vimekuwa kama visiwa. Mtoto ambaye shule yake iko kisiwa cha pili ni lazima avuke rweya, na gizani rweya haina jirani wa kumwitikia akipiga kelele.

Hilo ndilo linalowakosesha usingizi wazazi wengi, hasa wa mabinti, kuliko umbali wenyewe. Dawa yao ni ya zamani: watoto hukusanyana njia panda na kuondoka kundi zima, wakubwa nyuma. Kwenye lami hukaa kulia, wakitazamana na malori na bodaboda zinazokuja. Mkimbiaji mwenye akili huiga. Sweta la bluu nzito halionekani gizani. Kitambaa cheupe begani husaidia, na hakigharimu kitu.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Mapaja yamekaza, na kutoka Muhutwe kuna njia inayopanda kwenda Kamachumu, mlima usiomhurumia mtu. Hapa hakuna aibu kutembea. Tena mtu mzima anayekimbia bila kufukuzwa huwatia watu wasiwasi. Zamani aliyekimbia alibeba habari, na mara nyingi haikuwa njema, kwa hiyo mzee aliyekaa barazani anaweza kuuliza kwanza, “Kuna msiba?” Akiambiwa ni mazoezi tu, hucheka, kisha mgeni hukaribishwa kahawa ya kutafuna, na kama jikoni kuna ndizi na maharage haondoki kabla ya kula. Mwili unaokimbia kila siku huhitaji chakula cha namna hiyo, chumvi, maji mengi na usingizi.

Mkoa huu umewahi kupokea mbio kubwa kuliko zote nchini: kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru mwaka 2022 kilifanyika Bukoba, Oktoba 14. Lakini Mwenge nao, tusidanganyane, hupanda gari sehemu kubwa ya safari. Mtoto wa kuvuka rweya hapandi.

Kutoka Kamachumu njia huteremka kuelekea Muleba, na magoti huuma kuliko wakati wa kupanda. Alasiri watoto walewale wa sare wanarudi. Sasa hakuna anayekimbia. Wengine wamevua viatu wamevishika mkononi, mmoja anapiga mpira wa matambara mbele yake, na dada mkubwa amesimama kando ya barabara akiwahesabu, kwa sababu nyumbani ataulizwa.