Saa mbili, mkono mmoja

Wengi mmeniuliza kuhusu hii saa nyembamba mnayoiona mkononi mwangu, hasa nyinyi mabiharusi mnaotaka kujua muombe ipi kwenye sanduku. Nitawaambia, lakini kwanza kilichonifanya niitafute.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya Alasiri. Nilikuwa Mbweni kwenye singo ya binti wa mama mdogo, mikono yangu imejaa liwa hadi viwikoni. Simu imo mkobani, mkoba umetundikwa nyuma ya mlango, na sauti nilikuwa nimeizima tangu wakati wa sala. Kule Jang'ombe mama yangu, ambaye ana maradhi ya sukari, ilimshuka akaanguka jikoni. Mdogo wangu alinipigia mara tisa. Bahati nzuri fahamu zilikuwa hazijampotea, jirani akamnywesha maji ya sukari. Nilipokuja kuitazama simu, Magharibi imeshaadhiniwa.

Nilimkuta mzima, alhamdulillahi, amekaa mkekani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilijua una shughuli, mwanangu." Mngejua neno hilo lilivyonikaa.

Nilikuwa na laki moja na nusu, pesa ya oda za keki. Darajani muuzaji akaniwekea saa janja mbili juu ya kioo: Xiaomi Smart Band 8 na Redmi Watch 3 Active. Kampuni moja, programu moja ya simu, na zote zimepimwa kwa maji ya mita 50. Redmi ina kioo kikubwa cha mraba, inchi 1.83, na ina spika na kipaza sauti, kwa hiyo unapokea simu mkononi. Ile Band kioo chake ni inchi 1.62, chembamba kama bangili. Haina spika. Simu ikiita, inatetemeka na kukuonyesha jina, basi.

Mume wangu alisema, "Kama shida ni simu za mama, chukua inayopokea." Nami niliona hivyo hivyo. Lakini wifi yangu anayo hiyo Redmi, nikamuomba niivae wiki moja kabla sijatoa pesa.

Siku ya tatu nipo kwenye daladala ya Bububu, mdogo wangu akapiga. Nikabonyeza. Kabla sijasema lolote akaanza: kidonda cha mguu wa mama, nauli ya kumpeleka Mnazi Mmoja, nani katoa na nani hajatoa. Gari zima limenyamaza linasikiliza. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akageuka, "Mpe pole mama, Mungu atamponya." Alikuwa na nia njema kabisa, maskini. Mimi nilitamani nishuke.

Na hapo alikuwa anazungumza mambo ya kwetu. Fikiria uko sebuleni ukweni, na dada yako anakuuliza kwa sauti kubwa, "Vipi huyo mama mkwe wako?"

Nikachukua Band. Inanitetemesha, naona "Mama", naifuata simu naiweka sikioni. Kuna wakati najuta, kwa mfano nikiwa nakanda unga, maana lazima ninawe kwanza. Anayeishi peke yake, au anayeshinda kwenye cherehani chumbani kwake, Redmi itamfaa zaidi. Ila jueni kwamba hakuna hata moja itakayokujulisha kuwa simu inaita ukiwa mbali nayo. Ni bluetooth tu, kama mita kumi, na kuta nene zinapunguza. Kwa shangazi yangu Mji Mkongwe niliiacha simu ghorofani nikashuka uani, saa ikawa pambo.

Udhu: mkanda ukibana, maji hayafiki chini yake. Wengine wanausogeza, mimi naivua kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki pale natoka vipele. Alfajiri inaniamsha kwa mtetemo bila kumshtua mtu aliyelala, na hilo peke yake limenirudishia nusu ya pesa yangu. Kalenda ya hedhi zote mbili zinayo, lakini ile inakisia kwa kufuata miezi iliyopita. Sala na saumu yako inafuata unachokiona, si inachosema saa. Na biharusi wa hina avue mapema, asije akabakiwa na alama ya mkanda juu ya maua.

Lililonisumbua zaidi ni sala. Nikiizima, nimerudi kule kule Mbweni. Nikiiacha, kila anayetaka kuazima sufuria atanitetemesha nikiwa nimesujudu. Kwanza nikafunga ujumbe wote, nikabakisha simu zinazoita tu. Halafu nikapatana na mdogo wangu: likiwa jambo la hatari, apige mara tatu mfululizo. Kuikata sala ili kuokoa nafsi kuna ruhusa. Ikitetemeka mara moja, naendelea na sala yangu.

Juzi nikiwa rakaa ya pili ya Isha ikatetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena, na tena. Nikaikata sala, nikakimbilia simu huku moyo uko kooni.

Alikuwa mama mwenyewe. Mdogo wangu alimfundisha kupiga mara tatu lakini hakumweleza ni kwa ajili ya nini. Alikuwa anataka kujua kama nimeshakula.