Kompaila ya Pili

Chama chetu cha Kompyuta kina mkusanyiko wake mdogo wa Linux, uliojengwa juu ya Debian, nao hutiwa katika mashine zote za darasani. Sasa limezuka jambo: je, tuongeze Clang, hali GCC tunayo? Wenzangu wengi wasema hapana. Mimi nasema ndiyo.

Kwa wazazi wetu wasioijua kazi hii, kompaila ni mfasiri. Mtu huandika programu kwa maneno yanayosomeka, nayo huyageuza kuwa tarakimu zinazofuatwa na mashine. GCC ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987, nayo ndiyo iliyoilea Linux tangu 1991. Clang ni changa. Ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2007.

Wapinzani wana hoja nzito. Wafasiri wawili huleta makosa ya namna mbili, na ziko programu zinazotegemea desturi za GCC peke yake. Kwa miaka mingi kiini chenyewe cha Linux hakikuweza kufasiriwa na Clang bila kurekebishwa. Hata hivyo FreeBSD, ambayo ni jirani wa Linux, iliifanya Clang kuwa kompaila yake ya kawaida katika toleo la 10, mwaka 2014, wala haikuanguka.

Wengine husifu upesi wake. Hilo silijali sana. Linalonikosesha raha ni lile alilolieleza Ken Thompson katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1984: kompaila yaweza kufundishwa kutia mlango wa siri katika programu inayouliza neno la siri, kisha ikajirithisha hila hiyo kila inapofasiriwa upya, na katika maandishi yake usione alama yo yote. Mfasiri akiwa mmoja tu, nani atajua kuwa asema uongo? David A. Wheeler alieleza dawa kwa kirefu katika tasnifu yake ya mwaka 2009. Maandishi ya kompaila ya kwanza hufasiriwa na ya pili; kompaila inayopatikana huyafasiri tena maandishi yale yale; kisha matokeo hulinganishwa na kompaila ya kwanza, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, lazima sababu itafutwe.

Basi naomba Clang iwekwe kando tu, na GCC ibaki ya kawaida. Diski zetu ni ndogo, najua. Michezo iliyomo ingeweza kupunguzwa.