Mwanafunzi wa Uganga na Sindano

Mimi ni mwanafunzi katika chuo cha ufundi wa uganga, lakini nyumbani wananiita "dokta". Jina hilo linanipa shida.

Zamani za Wabelgiji, huko Kisantu palikuwa na chuo cha wasaidizi wa mganga. Walijua mengi, lakini kuitwa daktari walikatazwa. Mwaka 1960 nchi ilipopata uhuru, wasaidizi hao walikuwa zaidi ya 100. Waganga wengi wa Kizungu walipokimbia, wao walibaki na wagonjwa. Wengi walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi madaktari kweli.

Siku za likizo majirani huniletea watoto wenye homa, wakitaka sindano. Nawajibu: twendeni kwanza kituo cha afya. Huko watachukua tone la damu ya kidole, na baada ya robo saa hivi tutajua kama ni malaria. Ikiwa si kali, vidonge vya siku 3 vyatosha. Sindano ni ya mtoto anayetapika kila kitu, aliyezimia au mwenye degedege; huyo apelekwe hospitali upesi. Wengine hununa: "Baba yako amepoteza feza za chuo!"

Wazee wetu waliwekewa mpaka kwa dharau, haikuwa haki. Mpaka wangu najiwekea mwenyewe, kwa kulinda uzima wa mtoto. Basi wazazi, mwanafunzi akikataa kuwachomea watoto sindano, msimkasirikie. Mwombeeni amalize masomo.