Kopo la juu ya friji na kimea cha bibi

Saa mbili usiku, mtoto wa miaka minne anasimama mbele ya friji na kunyoosha kidole juu. Huko ndiko lilipo kopo. Mama yake, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, anachota vijiko vitatu vilivyojaa, anamimina maji ya moto na kukoroga. Siku maziwa yanapokuwepo anatia maziwa, lakini katikati ya mwezi hayapo. Mtoto anakunywa, anafuta mdomo na kulala. Sahani ya wali na maharage inabaki mezani vile vile.

Mama hakuwa na wasiwasi sana. Mtoto ni mwembamba, ndiyo, lakini kopo lina picha ya mtoto anayeruka juu, na maandishi yanataja vitamini na madini ya chuma. Kwa bei ile, alijiambia, lazima linajenga mwili.

Wiki moja bibi alikuja kutoka Iringa. Akaliona kopo, akauliza kuna nini ndani. Mama akasoma kwa sauti: kimea cha shayiri, sukari, maziwa ya unga, kakao.

"Kimea? Si hiki hiki tunachotengenezea pombe, mwanangu?"

"Hicho hicho, mama."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

Hakukosea. Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa na kusagwa. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga na kuufanya sukari, ndiyo maana kimea kina utamu wake. Jambo ambalo bibi wa Iringa hulifanya kwa ulezi, ndugu wawili Waingereza, James na William Horlick, walilifanya kwa shayiri na ngano huko Marekani. Walianza Chicago mwaka 1873, wakahamia mji wa Racine katika jimbo la Wisconsin, na mwaka 1883 wakapata hataza ya unga wa kimea na maziwa uliokorogwa kwa maji ya moto tu.

Walikusudia chakula cha watoto wachanga na wagonjwa. Wakati huo maana yake ilikuwa kubwa. Friji za nyumbani hazikuwepo, na maziwa ya mjini yaliharibika haraka na kuua watoto. Unga mkavu usioharibika, unaoyeyuka bila kupikwa, ulikuwa msaada wa kweli. Ulikuwa mwepesi pia, hata wavumbuzi waliokwenda Ncha ya Kusini wakaubeba, na huko Antaktika ipo safu ya milima inayoitwa Horlick.

Mwaka 1904 Uswisi ikatoa Ovomaltine, ambayo Waingereza waliiita Ovaltine. Kisha mwaka 1934, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, mkemia wa Australia Thomas Mayne akatengeneza Milo kwa ajili ya kampuni ya Nestlé. Jina lilitokana na Milo wa Croton, mwanamieleka wa Ugiriki ya kale anayesimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Chakula cha mgonjwa sasa kilikuwa kinywaji cha bingwa, na picha hiyo ndiyo iliyosafiri. Malaysia leo hutajwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kunywa Milo, na magari ya kijani hugawa vikombe vya baridi kwenye michezo ya shule. India iliichukua Horlicks kama kinywaji cha familia nzima. Uingereza, ajabu, kitu hicho hicho huuzwa kwa anayetaka usingizi.

Lakini ahadi za nguvu zimewahi kukwama. Mwaka 2008 wasimamizi wa matangazo Uingereza walilikataa tangazo la Horlicks lililodai kuwafanya watoto wawe warefu, wenye nguvu na akili zaidi. Mwaka 2018, Australia, Nestlé iliondoa kwenye kopo la Milo alama ya nyota nne na nusu za afya. Nyota hizo zilikuwa zimehesabiwa kwa unga uliochanganywa na maziwa yasiyo na mafuta. Unga wenyewe ungepata moja na nusu.

Hapo ndipo kikombe cha Tabata kinapohusika. Maziwa ndiyo yaliyobeba nyota. Yakiondolewa na kuwekwa maji ya moto, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni utamu na harufu ya kakao, pamoja na vitamini zilizoongezwa kiwandani. Tumbo la mtoto wa miaka minne ni dogo. Likijazwa saa mbili usiku, maharage hayana pa kuingia. Na mdogo wake wa miezi kumi hapaswi hata kuonjeshwa: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri huo wasipewe vinywaji vyenye sukari.

Mdogo huyo alikuwa na tatizo lake. Uji mzito ulimshinda kumeza, na mwepesi ulikuwa maji matupu. Bibi akapika uji mzito, akauacha upoe kidogo, akatia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Ndani ya dakika chache ukalainika bila kuongezwa maji, kisha akaurudisha motoni uchemke tena. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliuhimiza ujuzi huu tangu miaka ya 1980, kwa sababu mtoto hupata unga mwingi katika bakuli lile lile dogo.

Bakuli liliisha. Kopo halikutupwa, maana mkubwa angelia wiki nzima. Limebaki juu ya friji na hushushwa Jumamosi asubuhi, kijiko kimoja kwenye maziwa, baada ya mtoto kula. Siku mbili za kwanza alikataa maharage. Ya tatu aliomba aongezwe.