Mjomba Akawa Mama

Muuguzi wa mapokezi aliniuliza mgonjwa ni nani wangu. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ni ndugu yake mama yangu, aliyemtangulia kuzaliwa. Uso ukamng'aa. "Aa, mama!" akasema, akaandika kwenye fomu. Mjomba, mwanamume wa Kisauni mwenye miaka 68 na ndevu nyeupe za kushika adabu, akanigeukia polepole.

"Nimekuwa mama ya nani tena?"

Ndivyo tulivyokaribishwa Mumbai. Kwa Kihindi mama ni mjomba. Kaka ni ami, ndugu yake baba. Dada ni babu mzaa baba, na nana ni babu mzaa mama. Maneno ni yale yale tuliyolelewa nayo, ila ni kama mtu aliingia usiku akawahamisha watu viti.

Mjomba alikwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo, kama wengi wa kwetu wanaochangiwa harambee ya nauli na matibabu. Hospitali ilikuwa na saa zake za kuwaona wagonjwa: asubuhi kidogo, jioni kidogo. Katikati, kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja, nilikuwa sina pa kuwa. Chumba nilichopanga Bhendi Bazaar kilitosha kitanda na begi, basi. Nikaamua kutembea.

Ilikuwa Julai. Manahodha wa zamani wa kwetu wangenicheka. Wao walingoja kusi lipungue makali ndipo wavuke kuja huku, maana mwezi kama huu bahari ya pwani hii huchafuka na bandari zilikuwa zikifungwa. Mimi niliteremka kwa ndege moja kwa moja ndani ya hasira ya kusi hilo hilo. Mvua ya Mumbai hainyeshi, inamwagwa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi. Siku ya pili nikanunua kandambili za mpira kandoni mwa barabara, na tangu hapo nikaacha kutafuta mahali pakavu pa kukanyaga.

Njia yangu ya kila siku ilikuwa Mohammed Ali Road kuelekea kusini, chini ya daraja refu la magari linaloifunika barabara hiyo kama dari. Kuna njia ya waendao kwa miguu, lakini ina wenyewe: fundi viatu na kigoda chake, mwenye pipa la kukaangia, mzee anayetengeneza kufuli, mbuzi aliyefungwa kwenye bomba. Mwenda kwa miguu hutembea barabarani pamoja na pikipiki, na hakuna anayeona ajabu. Kwa kuwa India huendesha kushoto kama sisi, nilidhani nitavuka bila shida. Nilisimama ukingoni robo saa. Mwishowe mama mmoja (mama wa Kiswahili, huyu) mwenye rida ya rangi ya waridi, kama wanazovaa Mabohora wa Mombasa Mji wa Kale, aliinua kiganja chake kuyaelekea magari na kuingia barabarani bila kugeuza shingo. Nikajibanza ubavuni mwake. Magari hayakusimama. Yalituzunguka, kama maji yanavyozunguka jiwe. Nikajifunza: kiganja juu, mwendo usibadilike, na usirudi nyuma kamwe. Anayerudi nyuma ndiye anayegongwa.

Karibu na Soko la Crawford kelele iliongezeka nyuma yangu. "Gaadi! Gaadi!" Miguu iliruka kando kabla akili haijafikiri, na mkokoteni wenye marobota ya vitambaa ukapita ukininyoa nguo. Nilisimama nikihema, huku nikicheka peke yangu. Gari! Neno lilivuka bahari karne zilizopita, likakaa kwetu, na siku hiyo lilinisalimisha kwao.

Tangu hapo nikawa natembea masikio wazi. Kihindi sikijui, lakini mtu wa Mombasa hawezi kuwa kiziwi kabisa mjini humu. Dukaan, kitaab, hisaab, saabun, dawa. Barafu ni barf. Mtaani Masjid Bunder nikagundua kuwa bunder ni bandari yetu. (Kituo cha treni cha hapo kinaitwa Masjid. Nilishukia hapo nikitafuta msikiti wa kuswali adhuhuri, nikaja kuambiwa kwamba jina hilo limetokana na sinagogi la Wayahudi lililo jirani. Msikiti niliupata, lakini haukuwa ule wa kwenye jina.) Na kwenye dirisha la malipo la hospitali kulikuwa na neno moja lisilohitaji mkalimani: laki. Laki ni laki, na inauma kwa lugha zote mbili.

Mgahawani, mvulana alikuwa akinimiminia dengu juu ya wali, anamimina tu, nami neno la kumzuia silijui. "Basi, basi!" nikapiga kelele kwa Kiswahili. Upawa ukasimama hewani. Bas kwao ni kutosha. Sijapata kuona neno langu likitiiwa haraka namna hiyo, hata nyumbani kwangu.

Chakula hasa cha mtembezi ni vada pav. Ni donge la viazi vilivyopondwa, likachovywa unga wa dengu na kukaangwa, kisha likabanwa ndani ya mkate mdogo wenye chatne ya kitunguu saumu na pilipili. Mswahili yeyote atamtambua ndani yake ndugu wa kachori, ila huyu amevaa kanzu. Nilikula viwili kila adhuhuri nimesimama, mwavuli umebanwa shingoni, na sijioni mkosaji.

Saa tano na nusu hivi nilipenda kuwa nje ya stesheni kuu. Jina lake rasmi ni Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, lakini madereva wa teksi wanasema VT, kifupi cha Victoria Terminus, kama walivyosema baba zao. Ni jengo la mwaka 1888 lililochongwa wanyama, majani na nyuso kila pembe. Langoni simba amekaa upande mmoja na chui milia upande wa pili, mmoja Uingereza, mwenziwe India. Watalii hulipiga picha. Mimi niliwangoja dabbawala. Hutoka mbio na kofia zao nyeupe, vichwani wamebeba mabao marefu yaliyopangwa makopo ya chakula kilichopikwa majumbani mbali huko vitongojini, kila kopo limeandikwa alama za rangi na tarakimu zinazosema litoke wapi na liende kwa nani. Kazi hii ilianza mwaka 1890. Dabba ni kopo. Nyumbani tunalo debe. Hakuna anayesimama kukueleza. Ukiwa njiani mwao unasukumwa, na ni haki yako.

Kusini mwa hapo mji hubadilika. Tuktuk, ambazo Watanzania huziita bajaji kwa jina la kampuni ya huku huku, haziruhusiwi kuingia sehemu yote ya kusini ya Mumbai. Ni teksi nyeusi za paa la njano na miguu yako. Nilifuata barabara yenye nguzo na vivuli hadi kwenye mzunguko wenye sanamu ya mwanamke wa mawe, maji yakimtoka chini na mvua ikimtoka juu. Ni Flora, mungu wa maua wa Warumi, aliyesimamishwa mwaka 1864. Kando yake ni mnara wa mashahidi waliouawa wakidai jimbo la Maharashtra. Nilikula vada pav yangu hapo siku nne mfululizo bila kujua nimesimama karibu na nani.

Usiku wa nne, chumbani, nikasoma kwamba chemchemi hiyo ilikuwa ipewe jina la Frere. Nikaketi kitandani. Sir Bartle Frere, gavana wa Bombay kuanzia 1862 hadi 1867. Huyo huyo alitumwa Unguja mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash aifunge biashara ya watumwa. Na mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha kijiji cha walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita Frere Town. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliookolewa utumwani, wakalelewa Nashik, si mbali na hapa, kisha wakarejeshwa. Kengele yao ya kuonya watu ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Mimi nimezaliwa Kengeleni. Nimepita chini ya kengele hiyo nikienda shule, nikienda sokoni, nikienda kuoa.

Mjomba aliporuhusiwa kutoka, mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyebeba yai. Nilimwambia kuna kitu lazima akione kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Tukapanda teksi. Njiani nikamsimulia yote: Frere, chemchemi, Nashik.

"Kwa hiyo alinyimwa sanamu huku, akapewa mji kwetu," akasema.

"Ndivyo, Mjomba."

Akatazama nje ya dirisha, mvua ikichora kioo. "Na kengele, wanayo?"

"Hawana."

"Basi!" akasema mjomba kwa sauti ya kuridhika.

Dereva akakanyaga breki. Nyuma yetu honi zikalia kama harusi. Tulikuwa bado hatua mia hivi, lakini dereva alikwisha kunyoosha mkono apewe pesa zake. Nikamlipa, nikashuka, nikamshika mjomba mkono, nikainua kiganja kuyaelekea magari.

"Usirudi nyuma," nikamwambia.

"Twende, mwanangu," akasema. "Mama yako yupo."